Ukipakua rekodi za mswaki, soma lebo kabla ya ramani

Wanafunzi wa hapa Mwanza wanaofanya mradi wa mimea hunionyesha kwenye simu ramani waliyoipata GBIF, hifadhidata ya mtandaoni ya rekodi za viumbe, imejaa nukta, kila moja mahali mmea uliporekodiwa. Wengi huchagua mswaki, Salvadora persica, kwa sababu kila mtu anaufahamu na umeenea nchi kavu kuanzia Afrika Magharibi hadi India. Huwaambia waifunge ramani kwanza. Fungua picha ya sampuli yenyewe, yaani mmea uliokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, usome lebo yake, mara nyingi kona ya chini kulia.

Nukta inayoelea katikati ya ziwa haina shida. Hata mvuvi wa Igombe atakwambia mswaki hauoti humo. Zinazoponza ni zile zinazotua mahali panapoaminika. Mwanza iko takribani nyuzi 2.5 kusini na 32.9 mashariki. Aliyeingiza data akisahau alama ya kutoa inayoonyesha kusini, mche wako umeshahamia karibu na Lira, Uganda. Akipishanisha latitudo na longitudo, unatua mashariki mwa Moroko, nako ni kukavu vilevile! Anayejua tu kwamba mswaki ni kichaka cha nchi kame ataipitisha nukta hiyo bila kushtuka. Lebo ndiyo inayoiumbua: ina kijiji, wilaya, aina ya udongo, pengine hata umbali kutoka barabarani.

Majina ya mahali nayo yasome kwa kuangalia tarehe. "Muansa" ni tahajia ya Wajerumani. "Mkoa wa Mwanza" kwenye lebo ya kabla ya 2012 huenda ni Geita ya leo. Na "T1", ukiikuta katika Flora of Tropical East Africa, mfululizo wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, ni ukanda mzima wa ziwa, Bukoba yenye mvua nyingi pamoja na huku kwetu, kwa hiyo usiitumie kukadiria mvua inayohitajiwa na mmea.

Kabla hujahesabu chochote, panga rekodi kwa jina la mkusanyaji, namba yake na tarehe. Mkusanyaji huchuma matawi kadhaa ya mche uleule: moja linabaki Dar es Salaam, jingine linakwenda Nairobi, jingine Kew, Uingereza. Kwenye intaneti zinatokea rekodi tatu, kila moja na msimbopau wake, kumbe mche ni mmoja. Nakala hizo lakini usizidharau. Hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Berlin ilipoungua Machi 1943, sampuli nyingi za enzi ya Wajerumani ziliteketea, na za kuangalia leo mara nyingi ni nakala zilizokuwa zimeshapelekwa kwingine.

Rekodi isiyo na picha wala jina la kijiji siichori kwenye ramani. Naiacha kwenye jedwali, na kama mradi unaitegemea kweli, naiandikia hebaria husika barua pepe nikitaja namba ya sampuli na kuwaomba wanipigie picha lebo.