Amonaiti wanatuambia nini kuhusu umri wa miamba?

SWALI: Nimesoma kwamba wanajiolojia hujua umri wa mwamba wa Kretasia (kipindi cha mwisho cha zama za dinosaria) kutokana na visukuku vya amonaiti, wanyama wa kale wa baharini wenye magamba, vilivyomo, kisha hujua umri wa visukuku hivyo kutokana na mwamba vilimokutwa. Je, huku si kuzunguka palepale?

JIBU: Swali lako ni la haki, ndugu msomaji, na utata wake huondoka tukitenganisha mfuatano na hesabu ya miaka. Amonaiti hutupatia mfuatano. Miaka hutoka kwingine kabisa.

Mahali ambapo matabaka hayajapinduliwa, tabaka la chini ndilo lililotangulia, na mtu anayekusanya magamba kuanzia chini kwenda juu huona aina moja ikitokea, ikidumu kwa kimo fulani cha mwamba, kisha ikitoweka isirudi tena. Mfuatano huohuo ukionekana kwenye genge la mbali, matabaka yenye aina moja huhesabiwa kuwa ya wakati mmoja. Amonaiti, jamaa wa pweza na ngisi, wanaifaa kazi hii kwa kuwa walienea katika bahari nyingi na aina zao zilibadilika upesi. Chukua Baculites, ambaye karibu gamba lake lote lilinyooka kama fimbo: mtaalamu hulichunguza ubavu, aone kama ni laini au una matuta, na matuta hayo yamekaribiana kiasi gani, kisha huangalia umbo la mkato wake. Tofauti ndogo kama hizo ndizo zinazotenganisha aina moja na iliyoifuata.

Sasa miaka. Magharibi ya Marekani ilifunikwa na bahari wakati wa Kretasia, na volkano za jirani ziliimwagia majivu ambayo leo ni matabaka membamba ya udongo uitwao bentonaiti. Ndani ya majivu mna fuwele za madini ya zirkoni, ambamo urani hugeuka kuwa metali ya risasi kwa kasi inayojulikana; kulinganisha viwili hivyo hutoa umri wa majivu, na kipimo hicho hakihitaji kisukuku chochote. Huko Rock Canyon, karibu na Pueblo, Colorado, mwanzo wa ngazi ya Turoni, sehemu mojawapo ya Kretasia, umewekwa pale anapotokea kwanza amonaiti Watinoceras devonense, na majivu ya eneo hilo yameusaidia kupewa umri wa takriban miaka milioni 93.9. Anayemkuta amonaiti huyo mahali pasipo na majivu huazima umri huo kwa haki.

Mipaka ipo. Bahari za baridi za kaskazini zilikuwa na aina zisizopatikana katika bahari za joto, kwa hiyo kuoanisha pande hizo mbili kunahitaji ushahidi mwingine, kama vile visukuku vidogo vinavyoonekana kwa hadubini. Tena gamba la kale huweza kumomonyolewa kutoka mwamba wake na kuzikwa upya katika tabaka changa. Ukikuta gamba lililosuguka kingo, lililojaa mashapo yasiyofanana na mwamba unaolizunguka, usilitumie kupima umri wa tabaka hilo.