Mama alikohoa miezi mitano, kumbe ni kidonge cha presha

Naandika hii mana najua kuna familia nyingi hapa mjini zinapitia kitu tulichopitia sisi na hazijui, hasa zile zenye wazazi wanaomeza dawa kila siku.

Mwaka jana mama yangu, anakaa Tandika, alipimwa presha ikakutwa juu sana, akaanzishiwa vidonge, kimoja kila asubuhi. Presha ikashuka vizuri tu, tukafurahi. Kama mwezi hivi mbele akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, hakitoi kitu, anasema kama kuna unyoya unamtekenya kooni, mchana afadhali ila usiku akilala ndo shida inaanza, anaamka anakaa kitandani mpaka adhana ya alfajiri. Sisi tukasema ni vumbi mana barabara ilikua inachimbwa, tukasema ni feni, tukasema ni mafua tu yatapita. Tangawizi na asali, afu antibayotiki ya kwanza, afu ya pili yenye nguvu zaidi, afu dawa ya maji sijui chupa ngapi. Akapelekwa kupima makohozi wakati hata makohozi yenyewe hana, anajikamua pale weee anatoa mate, majibu yakaja hana TB, picha ya kifua nayo safi. Ila mtaani maneno yalishaanza, kuna jirani alianza kumtengea kikombe chake peke yake. Mama alikua analia kimyakimya, mi najua kua analia na sina la kumwambia.

Miezi mitano ivo. Siku moja nikaingia famasia moja huku Mbagala kununua chupa nyingine ya kikohozi, dada wa pale hakutoa chupa, akaniuliza swali ambalo kwa miezi yote ile hakuna alietuuliza: "Kaka, mgonjwa anatumia dawa gani zingine?" Nikamwambia ya presha, jina silijui. Nikampigia mama, akaisoma kwenye ile bahasha herufi moja moja mana mwandiko ulikua wa haraka, ikatoka enalaprili. Yule dada akasema dawa hiyo inajulikana kwa kukohoza watu, msimuachishe wenyewe, kesho mrudisheni kliniki mumwambie daktari ivo ivo ulivyoniambia mimi. Tukaenda, daktari akambadilishia akampa losartani. Wiki ya pili akaanza kulala usiku, na kabla mwezi haujaisha kikohozi hakipo.

Baadae nikaanza kusoma na kuuliza. Dawa za jamii ile, majina yao mengi huishia na "pril", zinafunga kimeng'enya (kitu mwilini kinachoendesha kazi za kikemia) kinachotengeneza kemikali ya kubana mishipa ya damu, ndo mana presha inashuka. Sasa kimeng'enya hicho hicho ndo kinachovunja kitu kingine mwilini kinaitwa bradikinini, ukikifunga bradikinini inajaa kwenye njia ya hewa na mtu anakohoa. Losartani inapita mlango mwingine, kimeng'enya chenyewe haikigusi, kwaiyo kikohozi hicho ni mara chache sana kwa wanaoitumia. Kikohozi cha dawa za pril kinaweza kuanza siku chache baada ya kuanza dawa au hata miezi, wanawake wanapata zaidi ya wanaume, na ukiacha dawa huisha ndani ya wiki 1 mpaka 4, wengine inafika miezi 3. Yaani sio siri, imo kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Ila mama boksi hakuliona, sisi hapa tunahesabiwa vidonge kwenye kibahasha kimeandikwa 1x1 na basi, karatasi inabaki dirishani.

Kliniki za ARV au uzazi wa mpango wanatumia neno zuri, maudhi madogo madogo, wanalitenga na madhara. Mi nadhani lingetumika kwa dawa zote. Maudhi ni kile kinachosumbua ila hakikuui, unaweza kukivumilia kikapita au ukabadilishiwa dawa. Madhara ni yale unayokimbilia nayo hospitali usiku huo huo. Mtu asipoambiwa lipi ni lipi, anafanya moja kati ya mawili, anateseka kimya kama mama au anatupa dawa kimya kama mjomba.

Mjomba alikua dereva wa daladala, Gongo la Mboto Makumbusho. Alipewa dawa ya presha ile ya kukojoza. Fikiria mtu yuko kwenye foleni ya Tazara saa moja asubuhi, gari imejaa mpaka mlangoni, na kibofu kimejaa. Akaacha. Hakumwambia daktari, hakumwambia mke, kliniki akienda anasema nameza. Miezi minane baadae akaanguka, kiharusi, mkono wa kushoto mpaka leo haushiki kitu. Siwezi kuapa kua angemeza asingeanguka. Ila najua angesema tu "daktari mi ni dereva, hii inanikojoza njiani", kuna dawa zingine za presha ambazo hazikojozi, au wangepanga nae saa nyingine ya kumeza. Sentensi moja tu, na hiyo ndo inaniuma.

Wale wa umri wangu mnakumbuka klorokwini, ile dawa ya malaria. Nani alikua hajui kama ukimeza klorokwini utawashwa? Bibi anakwambia kabisa kabla hujameza, utawashwa siku mbili tatu, usijikune sana, na kweli mwili mzima unawaka hasa ukigusa maji. Watoto wengine tulikua tunaficha vidonge chini ya ulimi, ila hakuna alieenda kwa mganga kwa ajili ya ule muwasho, mana tulishaambiwa kabla. Dawa ile nchi iliiacha mwaka 2001 sababu malaria ilishaizoea, lakini ule utaratibu wa bibi wa kukuambia kabla nautaka urudi kwenye kila dirisha la dawa.

Kwaiyo sasa hivi nikienda na mama, au na mtoto, siondoki kabla sijauliza. Jina la dawa ni nini, niandikie vizuri. Itamfanya nini ambacho ni kawaida, na kitaisha lini. Kipi nikikiona nirudi mbio. Na je, inapatana na hizi zingine anazotumia, hapo nazitoa zote kwenye mfuko, pamoja na za kienyeji, pamoja na ile diklofenaki ya magoti. Hiyo diklofenaki niiseme kidogo mana kila nyumba ipo na watu wanaila kama karanga: inapandisha presha, inapunguza nguvu ya dawa za presha, inachubua tumbo mpaka vidonda, na ukiichanganya na dawa jamii ya pril au losartani pamoja na ya kukojoza, figo zinaweza kuumia. Mama alikua ameshaimeza miezi mitano na hakuna kliniki iliyojua, kwa sababu kichwani kwake hiyo sio dawa, ni "ya maumivu tu".

Unaogopa foleni nyuma yako itanung'unika? Inanung'unika. Uliza tu. Daktari akiwa amezidiwa, muulize mfamasia, ndio kazi aliyosomea.

Ukibahatika kupata ile karatasi usiisome kwa hofu, mana inaorodhesha kila kitu na mtu anaweza kuamua asimeze kabisa. Maneno yale yana hesabu yake. Chukua uwanja wa Mkapa umejaa, watu 60,000, wote wamepewa kidonge hicho hicho. Wakiandika "kawaida sana" mana ake ni zaidi ya watu 6,000 humo ndani. "Kawaida" ni kati ya 600 na 6,000. "Nadra" ni kati ya 6 na 60. "Nadra sana" hawafiki hata 6. Kikohozi cha enalaprili kiko kwenye kundi la kawaida sana, ndo mana ile miezi mitano huwa inanikasirisha. Na upande wa pili wa mizani uuweke pia, kwamba presha isiyotibiwa nayo ina hesabu yake, na sio ya nadra.

Sasa yale ya kukimbia nayo bila kusubiri asubuhi: midomo, ulimi au uso kuvimba, pumzi kubana, vipele vya kuinuka mwili mzima ghafla. Kuvimba kwa midomo na ulimi kunaweza kuja na hizi dawa za pril, hata kwa mtu aliezitumia muda mrefu bila shida, na sisi watu weusi tunapata zaidi, na ikimpata mtu asirudie tena dawa ya jamii hiyo. Kingine ni ngozi kubabuka au malengelenge pamoja na vidonda mdomoni na macho mekundu, inatokea kwa wachache wanaotumia septrini (antibayotiki) au baadhi ya dawa za kifafa. Nenda na dawa yenyewe mkononi.

Na msiache dawa ghafla wenyewe, tafadhali. Atenololi, nayo ni ya presha na moyo, ukiikata siku moja moyo unaweza kusumbua vibaya, prednisoloni, ile ya kutuliza uvimbe na pumu, uliyoimeza muda mrefu hivyo hivyo, dawa za kifafa ndo kabisa. Kuna njia ya kushuka taratibu na daktari anaijua.

Ukishapata shida na dawa mwambie daktari au mfamasia aripoti TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, wanapokea hizi taarifa, na za Tanzania zinaungana na za nchi zingine kwenye kituo cha Uppsala kule Uswidi kinachofanya kazi na Shirika la Afya Duniani. Kikohozi cha mama nacho tuliomba kiandikwe.

Mwezi uliopita mama ameongezewa amlodipini, dawa nyingine ya presha. Safari hii hata sikufungua mdomo, akauliza mwenyewe, "Mwanangu daktari, na hii nayo itanifanyaje?" Akajibiwa inaweza kumvimbisha miguu kwenye vifundo, ikitokea usiache, njoo useme. Juzi nimempigia akaniambia jioni kandambili zimeanza kumbana kidogo, ameshaandika kwenye daftari na tarehe kaweka, kliniki ni Jumatano.