Kona ya Maabara: Kioo kinachogeuza ishara, sidii ya zamani na maswali mengine ya mwanga

Muhula wa optiki, yaani somo la mwanga, umeanza vyuoni, nami najua kwa barua zilizojaa mezani. Kwa mgeni wa ukurasa huu: mie si profesa. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara ya fizikia chuoni mpaka nikastaafu, kwa hiyo majibu yangu yameegemea meza ya majaribio kuliko ubao.

*Shikamoo Mama. Niko mwaka wa pili, ualimu wa sayansi, Dodoma. Kidato cha tano na sita tulifundishwa kwamba umbali wa kitu halisi na wa taswira halisi ni chanya, basi. Chuoni mhadhiri anaweka hasi kwa kila kilicho kushoto. Swali la kioo mbonyeo nilipata umbali wa taswira, v = −30, nikaandika taswira si halisi, nikakatwa maksi. Sapu, mtihani wa marudio, inanisubiri. Nishike kanuni ipi?*

Marahaba mwanangu. Shika ya mhadhiri, yeye ndiye anayesahihisha. Ila hesabu yako ilikuwa sawa kabisa. Ulichokosea ni kuisoma.

Chukua kioo mbonyeo, kile kilichoingia ndani katikati, chenye fokasi (pale miale sambamba inapokutana) ya sentimita 10, na mshumaa umesimama sentimita 15 mbele yake. Kwa kanuni ya sekondari 1/v = 1/10 − 1/15, unapata v = 30, chanya, taswira halisi, yaani ya kunaswa kwenye karatasi. Kwa kanuni ya chuo unapima kuanzia kwenye kioo, mwanga ukitokea kushoto kwenda kulia. Mshumaa uko kushoto, u = −15. Fokasi ya kioo hiki nayo iko kushoto, f = −10. Sasa 1/v = −1/10 + 1/15, unapata v = −30. Hiyo hasi inakuambia taswira iko kushoto tu, haijasema lolote kuhusu uhalisi wake. Na kushoto ndiko mwanga unakorudi baada ya kugonga kioo, kwa hiyo taswira imekaa kwenye njia ya mwanga wenyewe. Sogeza karatasi nyeupe pembeni kidogo ya mshumaa, kwenye sentimita 30, utaona mwali wa moto kichwa chini, mkubwa mara mbili.

Kinachowaponza wengi ni kwamba wanaanza na lenzi. Lenzi mbinuko, iliyovimba katikati, ya fokasi 10, kitu kwenye 15: kanuni ya sekondari inatoa 30 chanya, na ya chuo, ambayo kwa lenzi ni 1/v − 1/u = 1/f, inatoa 30 chanya vilevile, kwa sababu mwanga umepenya ukaendelea kulia. Mwanafunzi akishafanya maswali ya lenzi ukurasa mzima anaona kanuni hazitofautiani, anajiamini, halafu kioo kinamgeuka ndani ya chumba cha mtihani. Ndicho kilichokupata.

Sasa sikiliza la maabara. Wanafunzi niliowaona wakihangaika na optiki, wengi hesabu walikuwa wanaiweza. Kuchora ndiko walikokukwepa. Desa, zile notisi za kunakiliana, linalozunguka hosteli lina fomula tupu, michoro imeachwa kwa kuwa inakula karatasi na fotokopi ni pesa. Nunua daftari la miraba. Sentimita moja ya karatasi iwe tano za meza. Kwa lenzi, mwale wa kwanza utoke kwenye ncha ya kitu sambamba na mhimili (mstari unaopita katikati ya lenzi), upite fokasi ya ng'ambo. Wa pili upite katikati ya lenzi bila kupinda. Wa tatu upite fokasi ya upande wako kisha utoke sambamba. Miale ikikutana, umeshajua taswira iko wapi, imesimama au imepinduka, ni halisi au la. Hapo ndipo uandike fomula, na ishara itakuwa haina pa kukudanganyia. Juu ya jibu andika kanuni unayotumia. Msahihishaji akiona umetaja, hawezi kukusoma kwa kanuni nyingine.

Jambo moja zaidi, maana mitihani ya chuo hulipenda. Fomula hii ni ya miale iliyo karibu na mhimili, pale ambapo sini ya pembe inakaribiana na pembe yenyewe kwa radiani. Kwenye nyuzi 10 tofauti ni kama nusu asilimia, huioni. Kwenye nyuzi 30 inakaribia asilimia 5, na taswira inaanza kufifia kingo. Swali likisema "taja dhana uliyoitumia", jibu ni hilo.

*Mama, sisi maabara yetu ina leza moja na wanafunzi wengi mno. Difraksheni, mwanga kutawanyika kwenye mistari myembamba, tumeionea kwenye slaidi. Kuna namna ya kuiona hosteli? — Mwaka wa kwanza, Morogoro*

Ipo, na ni jaribio ninalolipenda kuliko yote. Tafuta sidii ya zamani, hata ya kwaya, na kalamu ya leza nyekundu ile ya kuonyeshea slaidi. Mistari ya sidii imeachana mikromita 1.6, kwa hiyo tayari una gretingi, kibao cha mistari mingi iliyokaribiana, mkononi.

Toboa tundu dogo katikati ya ubao mpana wa boksi. Usimamishe sentimita 50 mbele ya sidii, upande unaong'aa ukitazama boksi. Pitisha leza tunduni, uilenge sehemu iliyo kulia au kushoto kwa kitovu cha sidii. Mistari ya hapo imesimama wima, hivyo nukta zitajipanga mlalo. Chezesha sidii mpaka mwanga urudi kwenye tundu ulikotoka. Utaona nukta mbili nyekundu kwenye boksi, moja kila upande, kama sentimita 22 kutoka tunduni. Leza nyingi nyekundu za aina hiyo ni za nanomita 650 hivi: 650 gawa kwa 1,600 ni 0.406, ambayo ni sini ya nyuzi 24. Nukta za pili ziko karibu sentimita 70, boksi halitatosha, tumia ukuta.

Ukimaliza weka dividii. Mistari yake imeachana mikromita 0.74, na nukta zinaruka hadi nyuzi 61. Mistari ikikaribiana mwanga unatawanyika zaidi. Ukishaliona hilo kwa macho hutalikariri tena.

Leza isiingie jichoni, wala ya kuakisiwa. Kalamu za kijani za bei poa sizipendi kabisa: baadhi huvujisha mwanga wa infraredi usioonekana, jicho halijui hata kulikwepa. Fanyeni mkiwa mmekaa chini ya urefu wa kifua cha wanaopita, taa zikiwa zimewashwa kidogo, na wenzenu waambiwe.

*Mbona upinde wa mvua hauonekani saa sita mchana hata kukiwa na manyunyu na jua? Mwalimu wetu alisema tusome wenyewe. — Tanga*

Upinde unatokea kwenye pembe ya nyuzi 42 kuzunguka mahali kilipo kivuli cha kichwa chako. Jua likipanda zaidi ya nyuzi 42 upinde wote unashuka chini ya upeo wa macho, unazama ardhini. Pwani yetu jua la saa sita huwa juu ya hapo mwaka mzima, hata mwezi Juni. Kwa hiyo tazama kabla ya kama saa tatu asubuhi ukielekea magharibi, au kuanzia saa tisa na nusu hivi alasiri ukielekea mashariki. Desemba mjini London jua la mchana halizidi nyuzi 17, huko saa sita wanauona. Na ukitaka wako wa adhuhuri, simama ghorofani au mwagilia bustani kwa mpira, jua likiwa mgongoni, utazame matone yaliyo chini yako.

*Kweli sheria ya Snell, ile ya mwanga kupinda ukiingia kwenye maji au kioo, si ya Snell?*

Ibn Sahl aliitumia Baghdad mwaka 984 kubuni lenzi. Snell aliifikia mwaka 1621 na hakuichapisha, Descartes akaichapisha mwaka 1637. Kwenye mtihani andika Snell.

*Binti yangu amechaguliwa fizikia na anasema anapenda optiki. Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka, sijui mambo hayo. Atakula nini? — Mzazi, Songea*

Swali la haki kabisa, kaka yangu. Intaneti unayotumia inapita kwenye mikongo ya baharini, SEACOM ya mwaka 2009 na EASSy ya 2010 zikiwa kati ya zilizotua Dar es Salaam, kisha kwenye faiba za nchi kavu, na yote hiyo ni mwanga ndani ya kioo. Faiba ikikatwa na katapila njiani, fundi hachimbi barabara nzima. Anapiga mshindo mfupi wa leza na kupima muda wa mwanga kurudi, kifaa kikiuchora kwenye grafu. Ndani ya kioo mwanga huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Ukirudi baada ya mikrosekunde 100, kasoro iko kilomita 10 mbele. Wenye kujua kusoma grafu ile wanatafutwa. Kuna pia miwani: hospitali ya KCMC Moshi hufundisha optometria, upimaji wa macho, ila ni kozi nyingine, aangalie masharti ya udahili mapema. Kuna upimaji ardhi, na kuna ualimu, ambao wa fizikia haujawahi kutosha. Maabara atakayoikuta chuoni pengine ni hafifu. Mnunulie kalamu ya leza nyekundu na lenzi mbili za kukuzia, avianze hapo Songea kabla chuo hakijafunguliwa.