Bashiri kwanza, dhamira utaiona

Mzazi mmoja wa Sakina, Arusha, ameniandikia: binti yake wa kidato cha nne anazijua dhamira zote za riwaya kwa kichwa, ila swali likigeuzwa kidogo anakwama. Dada yangu, mtoto hana shida ya kumbukumbu. Amekaririshwa pamfleti, vile vijitabu vya uchambuzi uliokwisha kuandaliwa, kabla hajafungua kitabu.

Mimi nimesoma hapahapa Moshi. Tulikuwa na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya 1971. Tulipofika pale Zakaria anapomchapa binti yake Rosa kwa ajili ya barua ya Charles, kijana anayempenda, nikanyoosha mkono nikasema huyu binti siku akitoka mikononi mwa baba yake hatajua kujilinda. Mwalimu akaniambia niache ramli, ninakili dhamira zilizo ubaoni. Darasa zima likacheka. Kile kicheko kinaniuma hadi leo, maana niliona sawasawa: Rosa anakwenda kusoma mbali na nyumbani, uhuru unamlevya, na mwisho anajiua.

Haikuwa ramli hata kidogo. Ushahidi ulikuwepo: kiboko kisicho na mazungumzo, na baba mlevi anayedai adabu ambayo yeye mwenyewe hana. Ukiandika “malezi” peke yake hujasema kitu. Mwandishi anasema nini kuhusu malezi? Hapo ndipo dhamira ilipo, na kubashiri ndiko kunakokufikisha.

Kwa hiyo mwanafunzi akimaliza sura, afunge kitabu, aandike anachodhani kitafuata na tukio lililomfanya adhani hivyo. Bila tukio, ubashiri huo hauna kazi. Basi. Vijana ninaowafundisha jioni hapa Majengo hufanya hivyo kila sura, na najivunia kusema mmoja wao sasa anasoma fasihi chuo kikuu.

Walimu wenzangu, msiwazibe watoto midomo! Hata ubashiri uliokosea una faida. Vijana wangu wengi hudhani Charles ndiye atakayemwokoa Rosa. Wakifika pale anapomwacha kwa kuwa si bikira, hukasirika, na mimi huwauliza: mbona mlimtegemea? Mbona hakuna anayeuliza usafi wa wanaume waliomchezea? Hoja zinazotoka hapo hazimo kwenye pamfleti yoyote niliyowahi kuiona stendi. Wakishabishana vya kutosha ndipo nawaruhusu kushika kalamu.