Mbwa Ananingurumia Mimi Ninayemlisha!

Haya, maswali yenu ya mbwa na paka yamekuwa mengi safari hii, nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa urefu maana kesi kama hiyo naletewa karibu kila wiki, kinachobadilika ni fensi tu na rangi ya mbwa.

*Shikamoo mtaalamu. Tuna mbwa dume wa miezi 11, chotara wa shepadi na mbwa wetu wa kienyeji. Mume wangu alimleta kwa ajili ya ulinzi baada ya kuibiwa betri ya gari. Mchana tunamfunga mnyororo nyuma ya nyumba, usiku tunamfungulia. Kijana wa kazi alikuwa anamtandika fimbo akikojoa kibarazani au akibweka mchana, akasema ndo kumfundisha adabu. Sasa mwezi huu nikimpelekea chakula ananingurumia, mimi ninayemlisha! Juzi mtoto wangu wa miaka 6 kapita karibu na bakuli akamrukia, bahati mnyororo ukamrudisha. Mume wangu anasema poa tu, ukali ndo unaingia. Jirani anasema tumpeleke kwa mtu anayefundisha kwa mkanda wa umeme, ule wa shingoni unaompiga mbwa shoti. Nampenda huyu mbwa ila naanza kumwogopa. – Mama wa wawili, Kimara*

Marahaba mama. Kabla ya yote, kuanzia leo mtoto asimsogelee mbwa akiwa anakula wala akiwa kwenye mnyororo, hapo sina mjadala, wekeni wavu, benchi, chochote cha kuzuia. Alafu katafute kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, kama mwaka umepita mpigie daktari wa mifugo kesho, na akija amkague masikio, meno na kupe, kwa sababu mbwa mwenye maumivu anakuwa na hasira kama mtu anayeumwa jino. Na ikitokea kamng'ata mtu, hata mkwaruzo tu, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, msikae kusubiri muone kama mbwa ataugua.

Sasa tuje kwenye kunguruma. Mbwa akinguruma anaongea, anasema usinisogelee, nina wasiwasi na wewe. Mkimpiga kwa hilo, hofu inabaki palepale, kinachoondoka ni ile sauti, alafu siku moja anang'ata kimyakimya na nyumba nzima inasema ah, ghafla tu, hakutoa hata dalili. Dalili alizitoa, alichapwa mpaka akaacha kuzitoa. Wako bado anakuambia, shukuru. Tena kabla hajanguruma kuna vitu vidogo anavifanya: anaganda juu ya bakuli, anaacha kutafuna, anakuangalia kwa pembeni mpaka weupe wa jicho unaonekana, anajilamba pua na wala hakuna chakula puani. Ukiona ameganda hivyo rudi nyuma hatua mbili, usishindane naye.

Kijana wenu mimi simlaumu sana, wengi wetu tulifundishwa hesabu kwa bakora tukaishia kumchukia mwalimu na hesabu yake. Lakini hebu fikiria hicho kibaraza. Mbwa kakojoa saa 9 usiku, kijana anatoka saa 12 asubuhi na fimbo. Kwa mbwa hayo mambo mawili hayana undugu kabisa, anachokiona ni mlango umefunguka, mtu katokea, maumivu yamekuja, kwa hiyo anajifunza kuogopa watu wanaotoka mlangoni, na wewe na bakuli lako unatokea mlango huohuo. Najua mtasema "lakini anajua kosa lake, angalia anavyoinamisha kichwa". Mwaka 2009 mtafiti mmoja wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilipima hilo, akakuta ile sura ya hatia inatokea mbwa anapogombezwa, hata kama hajafanya kosa lolote. Ni sura ya kumwogopa bosi tu hiyo.

Na wale wanaosema mnyama haelewi bila fimbo, nawaambiaga waende Morogoro. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na hakuna anayechapwa. Kuna kidude kinalia klik! panya akipatia, anajua malipo yanakuja, anapewa ndizi iliyopondwa na karanga, akikosea hapewi kitu, wanaendelea. Panya mmoja, Magawa, alizaliwa hapohapo akapelekwa Kambodia, mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la kutibu wanyama la Uingereza, na mpaka anastaafu alikuwa ameshagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Panya, jamani! Na sisi tunashindwana na mbwa kuhusu kibaraza.

Kwa hiyo fanya hivi. Nunua dagaa wakavu wa Mwanza, wale wasio na chumvi. Simama mbali, pale ambapo anakuona lakini mwili wake umelegea, mrushie dagaa mmoja, geuka, ondoka zako. Usimwite, usimkazie macho. Mara 5 au 6 kwa siku, na kila siku ukiona ametulia unasogea nusu hatua, akikaza mwili umewahi sana, rudi pale pa jana. Akiwa anakula ugali wake na mapupu, pita kwa mbali umtupie kipande cha ini karibu na bakuli uendelee na safari. Unamfundisha kitu kimoja tu, kwamba mama akitokea chakula kinaongezeka, hakipungui. Na mambo ya kumpokonya bakuli "kumpima" muache kabisa, hata wewe mtu akikunyang'anya sahani ya pilau kila siku ili akupime utamtia uma. Wiki ya kwanza utaona kama unapoteza dagaa tu. Vumilia, hofu ya miezi haitoki kwa Jumamosi moja.

Mkojo ni rahisi zaidi: mtoeni mapema asubuhi na kabla ya kulala mumpeleke kwenye kona mnayoitaka, akimaliza tu dagaa mdomoni, ndani ya sekunde moja au mbili, ukichelewa mpaka amekaa basi umemlipa kwa kukaa.

Baba naye nina neno lake. Baba, mbwa anayeogopa watu wa nyumbani sio mlinzi, ni hatari iliyo ndani ya fensi. Mbwa aliyezoea familia yake na akajua nani wa hapa na nani sio wa hapa, mgeni akigusa geti saa 8 usiku atabweka tu, hiyo wala hafundishwi kwa njaa kama wengine wanavyodhani. Tena wezi wa siku hizi wanakuja na pande la nyama lenye sumu, mbwa aliyelala njaa ndo wa kwanza kulimeza. Mnyororo wa mchana kutwa nao unazidisha, maana aliyefungwa hana pa kukimbilia, kilichobaki kwake ni meno. Jengeni banda lenye kivuli au mfunge waya mrefu ambao mnyororo wake unateleza huku na huku wakati mnajipanga. Mkanda wa umeme hapana, Wales waliupiga marufuku toka 2010, na kwa mbwa mwenye hofu kama huyu ni kumwaga petroli kwenye jiko.

*Kaka habari. Mbwa wangu ana furaha kupita kiasi, anarukia kila mtu. Jirani yangu ni mzee, ameshachafuliwa kanzu mara mbili akienda swala ya alfajiri. Sitaki ugomvi. Nimeambiwa nimpige goti la kifua kila akiruka. – Tanga*

Nzuri kaka. Anza na mzee kabla ya mbwa. Nenda na heshima zako ukaombe radhi, ujitolee na kanzu iende kwa dobi, maana kwa majirani zetu wengi Waislamu wa pwani mate ya mbwa yakigusa nguo inaoshwa mara 7, moja kwa udongo, na mtu yuko njiani na udhu wake, sio jambo la kuchekea. Na saa ya adhana unaijua, kwa hiyo mbwa awe ndani mpaka mzee apite, mafunzo baadaye.

Goti la nini sasa? Anaruka kwa sababu kunamlipa: watu wanapiga kelele, wanamsukuma, wanamshika, na kwake yote hayo ni mchezo. Mkatieni hayo malipo. Akiruka geuka mpe mgongo, mikono kifuani, kimya kama mlingoti, miguu minne ikigusa chini tu ndo unainama unamsalimia na kumpa kitu. Akishazoea, mdai akae kwanza. Watu wote nyumbani wafanye hivyohivyo, kwa sababu mjomba mmoja tu anayesema "mwacheni mimi sina shida" anaharibu kazi ya mwezi. Siku za mwanzo ataruka zaidi kuliko zamani, anajaribu bahati yake, usikate tamaa hapo. Fanya mazoezi na marafiki zako waliovaa nguo za kazi. Mzee asiwe kifaa cha mazoezi.

*Sasa bro. Niko Ruaka, natembeza mbwa za watu wawili hapa mtaani. Bosi mmoja ameniambia nikuje nikae na mbwa yake Disemba wakienda ushago. Hii kazi inaweza kunilisha? Nijipange aje? – Ruaka*

Poa sana ndugu. Kulisha inaweza, ila wateja hawalipii kutembeza, wanalipia usingizi wao wakiwa mbali. Nenda kwake mara tatu kabla hawajasafiri, wao wakiwepo, wewe ndo umpe mbwa chakula. Andika kila kitu: anakula nini na saa ngapi, dawa gani, daktari wake ni nani, anaogopa nini, na hasahasa nani analipa akiugua na mpaka kiasi gani bila kuwapigia, hayo mkubaliane kwa meseji ili yabaki. Usiku wa tarehe 31 fataki zikianza awe ndani, mapazia chini, redio wazi. Mchana wa jua kali weka mgongo wa mkono wako kwenye lami, kama huwezi kuvumilia sekunde 7 na yeye nyayo zake haziwezi. Na wewe mwenyewe uliza hospitali kuhusu chanjo ya kujikinga na kichaa cha mbwa, kazi yako ni ya meno.

La kamba nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa namtembeza mbwa mdogo wa kike wa mteja, shingo nyembamba, mkanda umelegea kidogo, nikasema ah, nitaukaza tukirudi. Lori la taka likapiga honi, akarudi kinyumenyume, kichwa kikachomoka, nikabaki na kamba na mkanda mtupu mkononi barabarani. Tulimpata baada ya masaa manne chini ya meza ya muuza chipsi. Toka siku hiyo natumia mikanda miwili, wa shingo na wa kifua, kila mmoja na klipu yake, na nakaza kabla geti halijafunguka.

*Naweza kumwogesha paka na dawa ya kupe ya mbwa? Au ile ya kuoshea ng'ombe nikiichanganya na maji mengi? – Dodoma*

Hapana, zote mbili hapana. Dawa nyingi za mbwa zina pemethrini ambayo kwa paka ni sumu, anaanza kutetemeka, anadondosha mate, anaweza kufa. Kama ulishampaka muoshe sasa hivi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunge taulo, umkimbize kwa daktari na chupa ya dawa mkononi. Ukitaka dawa ya kupe nunua iliyoandikwa ya paka na kilo zake zilingane na paka wako. Panado pia usimpe, hata nusu. Na hilo dumu la dawa ya ng'ombe litoe jikoni leo.