Usiogope kamba ya daraja ikilegea

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kila kijiji chenye korongo huku kwetu kinataka daraja la kamba. Naulizwa sana, maana kabla ya kustaafu nilikuwa fundi wa kamba za chuma kwenye chelezo, pale meli zinapopandishwa kutengenezwa, hapa Mwanza, na nimeshasimamia madaraja mawili ya waenda kwa miguu upande wa Misungwi.

Kwanza tuelewane: lile la Busisi si la kuning'inia. Kamba zake zimenyooka kutoka kwenye nguzo hadi kwenye zege, na zege lenyewe ni nene, linabeba sehemu kubwa ya mzigo. Daraja letu la mbao halina ubavu huo. Mbao zinaning'inia kwenye kamba kuu mbili, na kamba hizo zinapinda kama mkufu shingoni.

Upinde huo ndio huzua ugomvi. Kamati ya daraja la kwanza ilitaka nguzo fupi ili kubana saruji na nondo. Nguzo ikiwa fupi, kamba italazimika kuvutwa hadi ikaribie kunyooka. Mzee mmoja akaniuliza, “Fundi, kamba iliyolegea si ndiyo dhaifu?” Sikumjibu kwa hesabu. Niliomba kamba ya katani na ndoo ya lita 20 iliyojaa maji. Vijana wawili wakashika ncha, ndoo ikaning'inia katikati. Ilipokuwa chini waliibeba huku wanacheka. Nikawaambia, vuteni mpaka inyooke. Walivuta hadi visigino vikachimba mchanga, ndoo haikukubali. Mzee akasema, “Basi, ongeza nguzo.”

Kwa wapenda hesabu: uzito wa kila mita, zidisha kwa umbali kati ya nguzo, zidisha tena kwa umbali huohuo, gawa kwa nane, kisha gawa kwa kina cha mlegeo. Korongo la mita 40, daraja limejaa watu, tuseme kilo 300 kila mita. Mlegeo wa mita 4 unavuta tani 15. Mlegeo wa mita 1, tani 60! Watu ni walewale. Mimi huanzia sehemu moja ya kumi ya umbali, kisha nanunua kamba ambayo haikatiki mpaka ivutwe angalau mara tatu ya mzigo huo.

Sasa ncha za kamba, ambako macho ya wengi hayafiki. Ncha huzungushwa kwenye pete ya chuma yenye mfereji ili isivunjike mgongo, ikarudi kulala kando ya kamba kuu, halafu klipu zinabana zote mbili. Klipu ina pande mbili: kitako chenye meno, na chuma chenye umbo la U. Kitako kikae upande wa kamba inayovutwa. U ikae kwenye mkia, yaani ile ncha iliyorudi, kwa sababu U huuma na kuponda nyuzi. Kwenye daraja la pili nilikwenda msibani Magu siku mbili. Niliporudi fundi alikuwa amezipanga moja huku, moja kule, eti zipendeze. Tulizifungua zote. Tulipogeuza kamba, nyuzi tatu upande wa mzigo zilikuwa zimeshabonyea. Tukakata kipande kile na kuanza upya. Aliona namwonea, lakini alifanya.

Nati zikazwe tena baada ya daraja kupata mzigo, kwa kuwa kamba ikivutwa hukonda na klipu hulegea.

Nanga, yaani kile kinachoshikilia ncha ya kamba ardhini, si ngumu penye jiwe, na Mwanza mawe tunayo. Kwenye udongo wa mbuga ni kazi nyingine, maana huvimba masika na kupasuka kiangazi. Hapo chimba hadi uupite, umwage zege zito. Maungio ya kamba na nanga yabaki juu ya ardhi, yaonekane. Kamba iliyozikwa huoza pale inapoingilia udongoni, na juu bado inang'aa.

Jambo dogo la mwisho: piga mstari wa rangi nyekundu kwenye kamba, ukigusa ukingo wa kila klipu. Masika iliyopita mtoto anayechunga mbuzi ndiye aliyekuja kuniambia, “Babu, rangi imeachana na chuma.” Maana yake kamba ilikuwa imeteleza ndani ya klipu, upana wa kidole. Tulifunga daraja asubuhi ileile, na watu wakazunguka barabarani kwa siku mbili huku wakininung'unikia.