Usisaini fomu tupu: niliyojifunza nikiwa wakala wa kura

Nianze na aibu yangu ili tuelewane. Mara ya kwanza nilipokua wakala wa mgombea kituoni, nilisaini fomu ya matokeo ikiwa tupu. Tupu kabisa, haina hata namba moja. Ilikua usiku wa manane, tumefungiwa chumba kimoja tangu alfajiri, macho mekundu, mgongo ushakufa ganzi, na msimamizi wa kituo, mzee mmoja mpole tu, akasema "Binti yangu, nakala ziko nyingi hizi, wekeni saini zote kwanza, mi nitajaza taratibu nyie mkapumzike." Wenzangu wakasaini na mimi nikasaini. Kesho yake mgombea wangu mwenye kura 188, na niliziandika kwa mkono wangu kwenye daftari langu, akasomwa kwenye ujumlishaji ana 138. Nikapiga kelele weee, nikaonyeshwa fomu, hii saini sio yako? Ni yangu. Basi, yakaishia hapo. Mpaka leo sijui kama yule mzee alituibia au ni usingizi tu ulimfanya achore nane ikawa tatu, na hilo ndo linaloniuma, kwamba sitakuja kujua.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kura inalindwaje namwambia fuata karatasi. Watu wanapenda stori za seva na jamaa aliyebonyeza kitufe usiku, na sisemi haziwezi kuwa kweli, ila mimi na wewe hatuna ufunguo wa chumba cha seva. Tunachoweza kufikia ni ile fomu ya kituo, yenye namba na saini, ambayo nchi nyingi zinataka ibandikwe hadharani kura zikishahesabiwa. Ikishabandikwa ipige picha. Fomu nzima ionekane, jina la kituo, namba zote, saini zote, mwanga wa kutosha, usikate pembeni. Alafu mtumie mtu mwingine hapo hapo maana simu inaibiwa, inaanguka, inazima.

Ukidhani karatasi ni kitu kidogo angalia Kenya. Mwaka 2017 mtetezi wa haki za binadamu Maina Kiai na wenzake walienda mahakamani kabla ya uchaguzi, na mahakama ya rufaa ikakubali kwamba matokeo yaliyotangazwa huko chini majimboni wakubwa wa makao makuu ya tume ya uchaguzi hawana ruhusa ya kuyabadili. Agosti watu wakapiga kura, tarehe 1 Septemba mahakama ya juu ikafuta matokeo ya urais, na sehemu kubwa ya kesi ilikua ni hizo hizo fomu na jinsi zilivyosafirishwa. 2022 tume ikaweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwenye intaneti, mtu yeyote akawa anazipakua na kujijumlishia mwenyewe sebuleni. Malawi ndo kabisa, uchaguzi wa Mei 2019 ulikuja kufutwa na mahakama Februari 2020, na moja ya vitu vilivyouangusha ni fomu zilizopakwa Tipp-Ex! Yani wino mweupe wa wanafunzi. Uchaguzi uliporudiwa Juni, Lazarus Chakwera aliyekua ametangazwa wa pili akashinda.

Ila nisikudanganye, karatasi haikupi ushindi yenyewe. Venezuela Julai 2024 upinzani ulikusanya nakala za zaidi ya asilimia 80 ya vituo na kuziweka wazi dunia nzima ione, na bado tume ikamtangaza Nicolás Maduro, rais aliyekua madarakani, kwamba ameshinda bila kutoa matokeo ya kituo kwa kituo. Lakini angalau hakuna aliyeweza kuwaambia "mnaongea tu hamna ushahidi". Mimi na 188 zangu nilikua naongea tu.

Sasa ukiwa ndani ya kituo kazi yenyewe ni hesabu za darasa la tatu, sio ushujaa. Sanduku lionyeshwe liko tupu kabla halijafungwa, namba za lakiri ziandike. Karatasi za kura zilizoletwa, andika ni ngapi. Jioni zilizotumika ukijumlisha na zilizoharibika na zilizobaki lazima zirudi kwenye ile namba ya asubuhi, na kura za kwenye sanduku zisizidi watu waliowekewa alama kwenye orodha. Mi huwa nachora mistari, kila anayeingia mstari mmoja, wa tano nakata juu. Mara moja nikamaliza na 412 msimamizi ana 411, tukaanza kuangaliana kwa jicho baya, mpaka wakala mwenzangu akakumbuka kuna bibi aliingia akaambiwa chumba chako ni cha pili akatoka. Mmoja tu, lakini tulimtafuta.

Sio kila kosa ni wizi jamani, na hili nalisisitiza hasa kwa watu wa upande wangu. Ukisambaza kwamba kura zishaibiwa hata kabla hazijapigwa, wanaobaki nyumbani ni wapiga kura wako wewe, umemfanyia kazi mwizi bure.

Kuzuiwa kupiga kura nako kunaanza mapema na kimya kimya. Mdogo wangu alikaa foleni masaa manne akafika mezani jina hamna, lilikua limehamishiwa kituo kingine mbali na akachelewa. Orodha ilikua imewekwa wazi wiki kadhaa kabla ikaguliwe, hakwenda, mimi nilienda kuangalia la kwangu na sikukumbuka la kwake. Kwa hiyo kagua muda wa kurekebisha ukiwa bado upo, kagua na la mama, kagua na la jirani asiyejua kusoma. Na ukiwa kwenye foleni muda wa kufunga ukafika usiondoke, sehemu nyingi aliyekwisha jipanga anaruhusiwa kupiga, atakayekuambia nenda nyumbani muulize sheria ipi.

Alafu kuna meseji. Januari 2024 watu wa New Hampshire kule Marekani walipigiwa simu na sauti ya Joe Biden ikiwaambia wasiende kupiga kura ya mchujo, kumbe sauti imetengenezwa na kompyuta. Ukipata voisi au skrinshoti inayosema tarehe imebadilika, kituo kimehamishwa, nenda kwenye taarifa ya tume yenyewe, na usiisambaze hata kwa kuandika juu "huu ni uongo", nilishafanya hivyo na wajomba zangu wakasoma picha tu.

Kitu kingine kidogo, picha piga ya fomu, usipige ya kura yako, sehemu nyingi ni kosa na pia ndo risiti anayoitaka aliyekununua.

Uchaguzi uliofuata nilirudi. Msimamizi mwingine, saa nane usiku, maneno yale yale, "dada saini tumalize". Nikamwambia kaka jaza kwanza, nitasubiri. Akaguna, wenzangu wakaguna, mmoja akaniita mjuaji. Akajaza. Nikasoma kila namba kwa sauti, na kwa maneno pia, nikasaini, nikapiga picha na simu iliyobaki na chaji asilimia sita.